Vitabu vya Mvua vya Mama Bonolo

"Mwenzangu, wewe unakaa naye geti kwa geti halafu hujui? Yule mama anafunga mvua."

Mama Tiro aliyasema hayo huku akigeuza magwinya kwenye mafuta, yale maandazi ya duara ambayo nusu ya kijiji cha Matlhareng hufungulia nayo kinywa. Kelebonye alikuwa amesimama mbele ya meza yake, mtoto mgongoni, akingoja manne yake yaive.

"Anaifungaje, Mama Tiro?"

"Kwa kopo! Si ana lile kopo amelisimika juu ya nguzo katikati ya ua? Kila asubuhi saa mbili analiendea, anachomoa kioo, anakiinua juani, ananong'ona, anamwaga. Sasa mvua ikishanong'onezwa na kumwagwa, unadhani itarudi? Inakwenda zake Palapye. Na jana kaja binti wa Gaborone na mkoba mkubwa. Amekuja kuinunua."

"Kuinunua mvua?"

"Cheka tu. Wewe mumeo yuko migodini, huna shamba la kukauka."

Kelebonye alipokea magwinya yake akaenda zake. Hakubisha. Ukimbishia Mama Tiro, kesho habari ni wewe.

Lakini yeye alijua. Tangu alipoolewa pale, miaka minne sasa, dirisha la jiko lake lilitazama moja kwa moja ua wa Mama Bonolo. Redio ikishatangaza saa mbili, mlango unafunguka, bibi anatoka na kilemba chake, anavuta mguu wa kulia ambao goti lake liligoma zamani. Anachomoa kile kioo, bomba jembamba lenye mistari, anakiinua mpaka usawa wa jicho, midomo inacheza. Hanong'oni. Anahesabu mistari. Kisha anaandika kwenye daftari, na maji anayamimina chini ya mpera. Siku kavu, na siku kavu ndizo nyingi, anatoka vilevile, anakiinua kioo kitupu vilevile, anakitazama kama mtu anayesoma barua, anaandika sifuri. Hapo ndipo Kelebonye alipompendea. Hakuwahi kuona mtu anayekwenda kutazama kitu ambacho hakipo kwa heshima namna ile.

Kile kipimamvua kililetwa zamani na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, naye akahamishwa. Walimu waliobaki wakakichoka. Mama Bonolo alikuwa mfagiaji wa shule. Ngazi alizozisugua kila asubuhi zilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, basi akawa anakisoma yeye. Alipostaafu, mwalimu mkuu alimwambia akichukue. "Nikasema sawa," alimsimulia Kelebonye siku moja, "kama ni kustaafu tustaafu wote wawili." Ila hakustaafu yeye, wala kipimamvua.

"Lakini mama, kuna mtu anayekuuliza hizo namba?" Kelebonye alimwuliza siku hiyo.

"Hakuna hata mmoja. Ila siku akitokea wa kuuliza, sitaki nimjibu 'ilinyesha sana.' Sana ni kiasi gani?"

Wa kuuliza ndiye huyo binti wa Gaborone. Jina lake Wame, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Siku ile ya kwanza alisimama katikati ya ua, simu mkononi, akaanza kueleza shida yake kabla hajasalimia vizuri. Mama Bonolo akamwacha aseme mpaka akaishiwa pumzi, kisha akamletea kiti.

"Umeamkaje, mjukuu wangu?"

Wame akaona aibu. "Nimeamka salama, bibi. Nyie mmeamkaje?"

"Sisi tumeamka. Kunywa chai. Sasa sema tena, polepole, na huyu Mama Amantle asikie."

Kelebonye alikuwa ameitwa kwa sababu miwani ya Mama Bonolo ilikuwa imevunjika kono moja, na maandishi ya zamani, hasa yale ya penseli, hakuyaona tena vizuri. Alimshusha mtoto wake, Amantle, mkekani akakaa.

Kazi ya Wame ilikuwa hii: kutafuta kama mvua ya kulimia inachelewa siku hizi kuliko zamani, katika kijiji kimoja tu, na kwa namba. Alikuwa amechagua Matlhareng kwa sababu mama yake alizaliwa huko. Mwalimu wake alikuwa ameirudisha kazi mara mbili.

"Nilikuwa na vyanzo vitano, bibi. Vyote nilivipata kwenye simu. Cha kwanza kikasema Matlhareng inapata mvua kiasi fulani. Kumbe ni Matlhareng nyingine, ya kule magharibi kwenye mchanga."

"Kule hata mbuzi wanatembea na chupa ya maji," akasema Mama Bonolo.

"Cha pili kimenakili cha kwanza. Cha tatu kimenakili cha pili. Nilivyofuatilia mpaka mwisho, vyanzo vyangu vitano ni mtu mmoja, na huyo mtu mwenyewe hakuna anayemjua. Mwalimu akaniambia, kila namba niletee mambo matatu: nani aliona, lini, na kwa kifaa gani. Nisipoleta mwisho wa mwezi, narudia mwaka."

Mama Bonolo aliingia ndani, wakasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Akatoka na sanduku la bati, akalifungua, harufu ya nafthalini ikajaa ua mzima. Madaftari ishirini na tisa. Kila moja limevalishwa gazeti, na juu yake miaka miwili, maana mwaka wa mvua hauanzi Januari.

"Nani: mimi," akasema. "Lini: saa mbili asubuhi. Kifaa: kile pale."

Wame alikaa chini kwenye vumbi na sketi yake safi, akaanza kufungua daftari la juu. Baadaye, akimsindikiza Kelebonye getini, Mama Bonolo alimshika kiwiko. "Miaka ishirini na tisa, Mama Amantle. Nilikuwa nadhani watayachoma siku ya kunizika."

Kazi ikaanza. Kelebonye anasoma, Wame anaandika kwenye kompyuta yake ndogo, Mama Bonolo amekaa kando anachambua maharage au amefumba macho, na kila mara anatupia neno. "Hapo Novemba, si kuna mvua kubwa ya mawe? Ilimvunja mbuzi pembe." Na kweli, ukitazama, Novemba ipo na mvua yake. Amantle alitambaa kutoka mkeka hadi sanduku na kurudi. Mchana walikula mtama na viwavi vya mti wa mopane, vya kukaanga. Wame alivila kwa kutafuna haraka bila kuvitazama, na Mama Bonolo akamwambia, "Chuo kimekuharibu, lakini si sana."

Kelebonye alikuwa ameishia darasa la saba. Hakuna aliyewahi kumketisha asome kwa sauti tangu hapo. Siku ya pili aligundua kwamba namba zina mwendo wake, zinapanda na kushuka, na ulimi unauzoea kama unavyouzoea wimbo wa kumlazia mtoto. Sifuri, sifuri, sifuri, kumi na nne, tatu, sifuri. Daftari la kumi na moja, Disemba, tarehe tisa: thelathini na moja nukta tano. Hapo hapo Amantle akapiga teke kikombe, chai ikamwagika pembeni ya ukurasa. Wakafuta, wakacheka, wakaendelea.

Asubuhi iliyofuata walianza daftari la kumi na mbili. Oktoba ikaenda, Novemba ikaenda. Kelebonye alihisi kitu kinamkuna bila kujua ni nini. Alipofika Disemba, tarehe tisa, mdomo wake ulisema thelathini na moja nukta tano kabla jicho halijafika. Kidole chake kikasimama hapohapo.

"Endelea, dada," akasema Wame.

"Sifuri," akasema Kelebonye. "Sifuri. Nne." Aliendelea kusoma mpaka mwisho wa mwezi, lakini sauti haikuwa yake.

Wame alipokwenda dukani kuchaji kompyuta, na Mama Bonolo akiwa jikoni, Kelebonye aliyaweka madaftari mawili ubavu kwa ubavu. Akaweka kidole huku na kidole huku, akashuka nao. Yalilingana. Si Disemba tu. Kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka Juni, siku kwa siku, hata zile nusunusu. Mwaka mmoja ulikuwa umeandikwa mara mbili, kwa mkono uleule wa Mama Bonolo.

Aliyafunga, akambeba mtoto, akasema anakwenda kunyonyesha.

Alikaa kwake mchana ule na moyo mzito. Amantle ananyonya, anachezea kifungo cha gauni lake, na Kelebonye anatazama ukuta. Akinyamaza, uongo unakwenda Gaborone na jina la Mama Bonolo juu yake; na kama yeye wa darasa la saba ameuona, mwalimu wa chuo hataukosa. Akisema, Wame anaweza kuyatupa yote ishirini na tisa kama alivyovitupa vile vyanzo vitano, na kurudia mwaka. Na yule bibi, ambaye maisha yake yote watu wamemwona mfagiaji, ataonekana mwongo katika jambo moja tu alilojivunia. Akajiuliza pia swali baya zaidi: je, kama ni kweli?

Mtoto alipolala, aliamua. Ataambiwa mwenyewe kwanza, na aambiwe peke yake.

Alimkuta anafagia chini ya mpera. "Mama, kaa kwanza."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Kaa tu." Akamwekea madaftari mapajani, akamshika kidole akakiweka juu ya tarehe tisa, huku na huku. Akamsomea. Akamsomea na wiki iliyofuata.

Mama Bonolo alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Uso ulilegea tu, kama wa mtu anayekumbushwa jina alilolisahau.

"Huu ni mwaka wa nguo nyeusi," akasema. "Mwaka aliokufa Baba Bonolo."

"Uliandika mwenyewe?"

"Niliandika mwenyewe. Sikupima mwenyewe." Akakung'uta majani kwenye sketi. "Unajua mjane mbichi ana joto. Haendi mashambani, hakatizi kwenye mazao, maji ya mvua ndiyo kabisa hayagusi, kijiji kizima kitakauka. Shangazi zake walinikalisha wakaniambia, kile kioo usikisogelee mwaka mzima. Nikakubali. Ningekataaje? Nikamwomba shemeji yangu, Moagi, apime yeye. Akasema nipe daftari la mwaka jana nijifunze linavyoandikwa. Nikampa. Basi kila asubuhi anasimama pale uani, anapaza sauti, namba, mimi niko ndani naandika."

Akainua macho kwenye paa la nyumba.

"Nilikuwa naisikia mvua kwenye bati, Mama Amantle. Inapiga bati usiku kucha, asubuhi Moagi anaita: sifuri! Nami naandika sifuri. Nikasema, huzuni imeniharibu masikio. Siku nyingine kimya kabisa, anaita: thelathini! Naandika thelathini. Sikuyaamini masikio yangu mwaka ule. Sikuamini chochote."

Kelebonye alimshika mkono, wakakaa hivyo.

"Tutamwambia Wame?" akauliza hatimaye.

"Nitamwambia mimi. Na huyo Moagi aitwe kutoka kwenye ng'ombe zake. Binti ametaka nani, lini, na kwa kifaa gani. Atapewa."

Wame alipoambiwa alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mwaka mzima, bibi? Mwaka mzima?" Alitembea mpaka getini akarudi. Hakusema neno baya, ila alifunga kompyuta, na jioni ile hakunywa chai. Jumamosi Mzee Moagi alifika na mkokoteni wake wa punda, kofia mkononi, anajua kuna jambo. Walimpa kiti katikati, wanawake watatu wamemzunguka na mtoto mmoja anamvuta kamba ya kiatu.

"Shemeji," akasema Mama Bonolo, "ule mwaka wa msiba wa kaka yako. Namba ulizitoa wapi?"

"Namba gani?"

"Moagi."

Mzee akaikunja kofia. "Kwenye daftari ulilonipa."

"La mwaka wa nyuma!"

"Sasa ningetoa wapi? Ulitaka namba kila siku!"

"Kwenye kioo! Si nilikuomba ukatazame kioo? Hatua ishirini tu! Ulikuwa mvivu kiasi hicho?"

"Mvivu?" Sasa na yeye akapandisha sauti. "Nilikuwa nakuja kila siku alfajiri kutoka kwenye ng'ombe, kwa miguu, mvivu ni mimi? Shemeji, kile kioo ulikuwa umekishika wewe asubuhi ileile aliyokata roho. Ulitoka kumfumba macho ukaenda ukapima mvua, nilikuona. Lile joto lote liko kwenye kioo. Mimi nikishike, niende nacho kwenye ng'ombe? Wangeharibu mimba wote!"

Wame alikuwa wa kwanza kuziba mdomo kwa mkono.

"Na kwa nini hukusema?" akauliza Mama Bonolo.

"Nimwambie mjane, shemeji, ninakuogopa? Ningekutazama tena usoni vipi?"

Mama Bonolo alianza kucheka. Alicheka kimyakimya kwanza, mabega tu, halafu kilemba kikamtoka, halafu akawa anafuta machozi na Kelebonye hakujua ni ya kucheka au ni ya mwaka ule. "Kwa hiyo masikio yangu yalikuwa mazima," akasema. "Moagi, mpumbavu wee. Masikio yangu yalikuwa mazima."

"Nilichagua mwaka mzuri lakini," akajitetea Mzee Moagi. "Sikukupa mwaka wa njaa."

Wame akasogea, akamwuliza taratibu jina lake kamili, na kama anakubali aliyoyasema yaandikwe vilevile. Akaandika neno kwa neno, Mzee Moagi akisisitiza ng'ombe wasisahauliwe. Kisha Wame akaenda nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtandao hushika, akampigia mwalimu wake. Alikaa huko muda mrefu. Kelebonye alitazama mgongo wake, ulivyokuwa umepinda, na baadaye ulivyonyooka.

"Amecheka," akasema aliporudi. "Halafu akaniuliza maswali mengi. Mwaka ule tuufute, tuuache mtupu, na sababu yake iandikwe hapohapo. Na kabla hajakubali mingine, nihakikishe hakuna mapacha wengine. Amesema kila daftari lipambanishwe na kila daftari."

"Kila moja na kila moja?" Kelebonye akauliza.

"Ndiyo, dada. Samahani."

"Basi fungueni," akasema Mama Bonolo, akijifunga kilemba upya. "Msinionee huruma. Mkiona kingine semeni."

Iliwachukua siku tatu. Kelebonye ndiye aliyekuwa na ulimi, Wame na kompyuta yake. Kila walipomaliza daftari, Mama Bonolo alikuwa anaacha anachofanya na kusubiri, mkono kiunoni, na Wame anatikisa kichwa: hakuna. Walikuta mahali pawili alipoandika tarehe moja mara mbili. Walikuta wiki moja isiyo na namba kabisa, na pembeni kwa penseli: *nilikuwa hospitali, sikuona.* Wame aliusoma ule mstari mara ya pili, polepole.

"Bibi, kwa nini hapa hukujaza chochote?"

"Ningejaza nini? Sikuona."

Wame aliupiga picha ukurasa ule peke yake. Jioni akampelekea mwalimu, na asubuhi jibu likawa limefika: yanakubalika, ishirini na nane. Aliwasomea mara mbili, halafu akamkumbatia Kelebonye na mtoto wote kwa pamoja mpaka Amantle akalalamika.

Daftari la kumi na mbili Mama Bonolo alilifuta mwenyewe. Alitumia kalamu nyekundu na kijiti cha kunyooshea mstari, ukurasa kwa ukurasa, akachukua saa nzima, hakutaka msaada. Mwisho wake akamwomba Wame amwandikie kwa herufi safi kwamba mwaka huu haukupimwa, na kwa nini, na akatia jina lake chini.

"Na kwenye kazi yangu nikuandike nani?" akauliza Wame. "Mama Bonolo?"

"Mama Bonolo ni wa hapa uani. Andika Galeboe Motsumi."

Kelebonye alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo. Alimtazama yule bibi alivyokaa wima alipolitamka. Alifikiri kwamba siku moja na yeye angependa mtu amwulize jina lake lote, kisha aliandike.

Wame aliondoka Jumatano, mkoba umejaa, na mfuko wa viwavi vya mopane ambao hakuweza kuukataa. Walimsindikiza mpaka barabarani. Kwenye meza ya magwinya Mama Tiro aliwaangalia wakipita, akamwangalia Wame na ule mfuko, akajifanya anapanga sahani.

Waliporudi, Mama Bonolo hakuingia kwake. Alisimama kwenye geti la Kelebonye, ameegemea nguzo kupumzisha goti, mtu mwenye neno linalotafuta mlango.

"Nimekuwa nikifikiri," akasema. "Yule mwalimu asiyenijua amenisadiki. Lakini mwaka mzima mtu aliniimbia namba za uongo na hakuna wa kuniambia, kwa sababu nilikuwa peke yangu kwenye jambo hili. Na macho yangu umeyaona. Nikikosea leo, nani atajua?"

"Unataka nikusomee, mama? Nitakuja tu, si mbali."

"Hapana. Kunisomea alifanya Moagi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Njoo na daftari lako. Saa mbili kamili. Ukitazame kioo wewe kwanza, kabla yangu, uandike unachokiona wewe, ufunike na mkono. Mimi nitatazama baada yako, niandike changu. Halafu ndiyo tufunue. Tukilingana, vizuri. Tusipolingana, tutazame tena pamoja kabla hatujamwaga. Hata siku kavu, binti yangu. Hasa siku kavu. Utanifanyia hivyo?"